Mkoba wa Kitabu Kinachosema

Phelesia hakuzaliwa kipofu. Alifundisha darasa la tatu miaka mingi kule Muhuru Bay, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya ubao, kisha madaftari ya watoto, kisha nyuso zao. Alipoacha kazi alirudia kazi ya mama yake, kuanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni, akishirikiana na wifi yake Emmaculate. Kilichomuuma hakikuwa mshahara, bali vitabu. Alikuwa mtu wa kulala na kitabu kifuani.

Basi mwaka wa tisini na tano, padri mmoja wa misheni ya Asumbi akampatia mashine ya kusomea. Ilikuwa redio-kaseti ndogo ya kubeba, vitufe vyake vimetiwa alama za kugusa kwa kidole, nayo ilikuja na kanda za vitabu vilivyosomwa kwa sauti. Alasiri, wanawake wakikaa kufukuza ndege kwenye omena, Phelesia alibonyeza na wote wakasikiliza. Watu wa ufuoni waliiita kitabu cha min Levi, yaani mama Levi, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Mashine ile haikumaliza mwaka. Mchanga wa ufuoni huingia popote, nao ukalijaza tumbo lake. Sauti ya msomaji ikawa nzito kama ya mlevi, ikaburuta maneno, ikanyamaza. Padri alipoleta ya pili alimwambia kwa upole, "Mwalimu, hii tumeipata kwa shida sana. Ya tatu siwezi kukuahidi."

Tangu siku hiyo Phelesia akawa na kazi nyingine, kutafuta kitu cha kuibebea. Aliifunga kwa nailoni ndani ya kikapu, nailoni ikatoa jasho. Fundi wa mashua akamchongea kasha la mbao, zito, likimgonga nyonga kila hatua.

"Yuora," Emmaculate akamwambia, kama mawifi wa Kiluo wanavyoitana, "hili ni jeneza la kitabu."

Hatimaye mashine ikabaki nyumbani, imeviringishwa leso. Phelesia aliisikiliza chumbani, mlango umefungwa, na aliona ni kama anakula peke yake huku wenzake wana njaa nje.

Siku ya soko wakaenda Migori, wifi mbele na mashine kikapuni, yeye nyuma, mkono begani mwa wifi. Walizunguka vibanda vya mabegi mpaka miguu ikawaka. Muuzaji mmoja alimtia mikononi begi la wanafunzi.

"Chukua hii, mama. Ni original kabisa. Hata mvua inaogopa."

Phelesia akavuta zipu, ikakwama katikati. Akamrudishia.

Walikuwa wanarudi stendi aliposimama ghafla. Alisikia nyundo ikigonga kitu kisicholia kama bati wala mbao, halafu akanusa ngozi.

"Nani huyo anafanya kazi hapo?"

"Ni fundi tu," Emmaculate akasema. "Anashona viti vya baiskeli. Twende, tutaachwa."

"Nipeleke kwake."

Fundi aliitwa Mniko, Mkuria wa upande wa Isebania, mtu wa sauti ya chini. Alishona pia mikanda, mipira, na ala za visu vya wachungaji. Alisikiliza haja ya Phelesia, akaipima mashine kwa kamba, akawaambia warudi siku ya soko ijayo.

Waliporudi, Phelesia aliupapasa mkoba polepole. Ngozi ilikuwa nene, mshono umelala sawa, ndani kuna sponji, na bizimu mbili zimeshika kifuniko. Ulikuwa mzuri. Lakini alipoitia mashine ndani na kufunga kifuniko, vidole vyake vikatafuta vitufe visivipate.

"Haukukupendeza, mama?"

"Umenipendeza, baba. Ila hapa nitashika wapi? Kila nikitaka kusimamisha sauti, nifungue bizimu mbili, na upepo uko pale unangoja."

"Utafungua kidogo tu."

"Funga macho, fundi."

Mniko akacheka. Halafu akafunga macho kweli, Phelesia akamvika mkoba begani. "Sasa washa."

Wapita njia walisimama kutazama. Fundi alipapasa bizimu, akaikosa, akaipata, akavuta ukanda usio wa bizimu hiyo. Alipofikia kitufe hatimaye, alibonyeza cha kutoa kanda. Mwenyewe alicheka kuliko wote.

"Nimeelewa," akasema. "Nimejenga nyumba bila mlango."

Akaketi na mkoba papo hapo. Alikata dirisha refu juu ya vitufe, akalifunika kwa ngozi laini ya mbuzi ili kidole kihisi alama kwa juu na kubonyeza bila kufungua chochote. Mbele akatoboa matundu madogo ya kupitishia sauti. Phelesia akauliza, na mchanga je, hautapita hapo hapo? Mniko akakuna kidevu. Alihitaji kitambaa chepesi sana, kinachopitisha sauti na kukataa mchanga. Alitazama huku na huku, macho yakatua kwenye mfuko wa Emmaculate, ambamo soksi ndefu za nailoni, zilizonunuliwa asubuhi ile kwa ajili ya kanisani, zilikuwa zikichungulia.

"Hapana," akasema Emmaculate. "Hapana kabisa."

Kisha akatoa moja. "Shona haraka kabla sijajuta."

Kazi ilipokwisha, Phelesia aliitia mashine mkobani, akaiwasha, sauti ya msomaji ikatoka safi. Akauinua mkoba mpaka usawa wa kifua.

"Mama, unafanya nini?" Mniko akauliza.

"Ukianguka, uanguke hapa, nikiwa na fundi karibu."

Akauachia. Mkoba ulitua chini kwa kishindo, na Emmaculate akapiga yowe. Sauti ikakatika, na moyo wa Phelesia ukakatika nayo. Akainama, akapapasa, akakuta kitufe kimeachia tu kwa mshtuko. Alipokibonyeza, msomaji akaendelea kama mtu aliyemeza mate. Mniko hakurudi kwenye nyundo yake mara moja. Alisimama akisikiliza mpaka sura ilipokwisha, ndipo akauliza, "Huyu mtu anasoma hivi mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," akasema Phelesia.

Wiki ile ile kitabu kilirudi ufuoni. Alasiri moja upepo uligeuka na matone mazito yakaanza kupiga mchanga. Wanawake wakaruka kuokoa omena. Zamani Phelesia angeikumbatia mashine na kungoja ashikwe mkono. Sasa mikono yake yote miwili ilikuwa huru. Aliinama akafuata ukingo wa wavu wa kuanikia omena kwa vidole, akashika pembe, akamwita Emmaculate ashike ya pili. Wakakunja pamoja, wakabeba, wakakimbilia bandani, kitabu kikisema nyongani mwake muda wote.

Jirani yao Jerusha aliingia wa mwisho, amelowa, beseni kichwani.

"Min Levi! Rudisha nyuma kidogo. Mimi nilikuwa nakimbiza beseni, sikusikia kitu."

Phelesia akacheka, akapitisha kidole juu ya ngozi, akatafuta kitufe.