Mlinzi wa Mkate

Foleni ya mkate pale duka la ushirika, Temeke, tuliipanga kwa mawe, kila mtu na lake, sie wenyewe tumekaa kivulini. Mwalimu wa Kiingereza akanong'ona, "Mnajua neno la Kiingereza 'lodi', yaani bwana mkubwa, lilianzaje? Kwa Waingereza wa kale lilimaanisha mlinzi wa mkate tu."

Mama mmoja akacheka kwa sauti, "Lodi!" Meneja wa duka akatokea mlangoni, funguo mkononi. "Nani kasema hapa kuna lodi?"

Mgambo aliyelinda duka akaanza kututazama mmoja mmoja. Mwalimu akaokota jiwe lake taratibu, akaondoka bila mkate.

Malodi tuliwaaga siku ya Uhuru, ndivyo tunavyosema. Zamu yangu ilipofika nilinyoosha mikono miwili, nikamwamkia meneja shikamoo, ingawa kwa umri namzaa.

Akaitikia, "Marahaba."