Unyayo wa Kanga Chini ya Kigoda

Siku ile ya soko naikumbuka hata kwa harufu yake, mwanangu: mninga ulioungua. Usiinuke. Keti hapo hapo juu ya kigoda hicho, kwa sababu nina hasira na sitaki ipoe kabla hujanisikia.

Nilikuwa kijana, nachonga pamoja na mjomba wangu, ambaye kwa Kirundi cha nyumbani tulimwita Marume. Kule Katumba, kwenye makazi yetu sisi wakimbizi wa Burundi, kila mchongaji alikuwa na alama yake, anaichoma kwa chuma cha moto chini ya kigoda. Ya Marume ilikuwa unyayo wa kanga. Halikuwa pambo hilo. Mguu ukilegea, mnunuzi alijua amrudishie nani, na Marume aliutengeneza bure, huku ananung'unika.

Vigoda vya kiangazi kizima tulimpelekea mfanyabiashara mmoja mwenye meza kwenye soko la kazi za mikono, Mpanda mjini, atuuzie. Baadaye tukaenda kuona vinauzwaje. Tulimkuta na mama mmoja mgeni, amekalia kigoda chetu, anakisifu.

"Vimetoka wapi hivi?"

"Kwa Wamakonde, mama. Kusini kabisa," akajibu mwenye meza, wala hakupepesa jicho.

Marume akageuza kigoda kingine. Chini palikuwa laini kama shavu la mtoto. Unyayo ulikuwa umepigwa msasa ukaisha.

"Alama yangu iko wapi?"

"Mzee, usinitie hasara. Nikitaja Katumba watu wanaanza mambo ya wakimbizi. Mteja anataka Mmakonde, mpe Mmakonde!"

Nami nikanong'ona, "Marume, acha tu. Si vinanunuliwa?"

Akanigeukia. Sijawahi kuangaliwa vile tena. "Wamakonde wana vyao. Hiki nimekichonga mimi. Nchi hii nimeilima mpaka mikono imeota sugu, leo nifutwe hata chini ya makalio ya watu?"

Akatoa chuma chake, akakichomeka kwenye jiko la mama muuza mahindi ya kuchoma. Akaketi katikati ya njia, akaanza kuchoma alama upya, kigoda baada ya kigoda. Moshi ukatanda.

"Unaharibu mali!" mwenye meza akapiga kelele.

"Mali ya nani?" akadakia muuza mahindi. "We tezo umeishika lini?"

Watu wakaangua kicheko. Yule mama mgeni akainuka, akakigeuza kigoda chake, akakisogeza kwa Marume. "Na hiki, baba." Hicho ndicho pekee kilichobaki mjini. Vingine tulirudi navyo Katumba juu ya lori la tumbaku, na Marume alipiga mluzi njia nzima.

Sasa jana nimepita mezani kwako. Nimesoma kibao chako: Vigoda vya Kimakonde. Nikageuza kimoja, uchongaji niliokufundisha mimi. Laini! Msasa! Una kitambulisho cha uraia mfukoni, na bado unajificha? Niliondoka bila salamu, maana ningekutukana mbele ya wateja.

Uza, mwanangu. Piga picha, rusha kwenye simu, panga bei uitakayo. Ila usimuuzie mtu kitu ambacho kikivunjika hajui amrudishie nani. Na kwenu usikuonee haya kwa ajili ya mteja.

Chuma cha Marume kiko motoni, kimeshaiva. Inuka, kigeuze hicho ulichokalia.

Mungu aitie nguvu mikono yako. Miguu ya vigoda vyako isilegee. Na siku ikilegea, watu waijue njia ya kuja kwako.