Miche Aliyoianika Eustadia

Mwaka 1953, siku chache kabla ya mvua za kwanza, mishubiri ya Eustadia, mjane wa hapa kwetu nje kidogo ya Bukene, iling'olewa yote shambani na ardhi yake ikatwaliwa. Amri ya serikali ilisema kila kaya ilime mihogo ya akiba, na shamba lililotelekezwa apewe mwingine. Mihogo alikuwa nayo. Mishubiri aliipanda kwenye changarawe ambako hata mtama ulikataa kuota, nayo haikudai maji zaidi ya mvua. Kwa utomvu wake alitibu vidonda vya shingo vya maksai wa kijiji kizima.

Ofisa wa kilimo, Mzungu, alipokuja kukagua, alikuta miche mia moja imelazwa kivulini, majani yamenyauka. Akauliza sababu. Mkalimani wake nilikuwa mimi.

"Mwambie inapumzika," Eustadia alinijibu kwa Kinyamwezi. "Jeraha la shina likikauka ndipo naipanda. Ikiingia udongoni mbichi, mvua huiozesha."

Shilinde, mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, akaangua kicheko. "Anaanika miche kama michembe ya viazi! Jumapili atatupikia!"

"Cheka, Shilinde. Maksai wako akichubuka usije na kibakuli."

Nilijua alisema kweli, maana mama yangu alianika vivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimevaa viatu vya sekondari, na niliona aibu kumtetea mwanamke wa jembe mbele ya msomi. Nikamwambia ofisa: "Anasema hajapata nafasi ya kupanda." Akaandika: mvivu. Jioni ile wazee wa baraza waliidhinisha, na shamba likawa la mpwa wa Shilinde.

Mvua ziliponyesha, maksai wa baba yangu alichubuliwa na nira. Nikatumwa kwa Eustadia na kibakuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakata jani la mshubiri mmoja uliosalia nyuma ya jiko. "Chukua, mwanangu. Kisha umwambie Mzungu nimepata nafasi."

Kumbe alielezwa nilivyomsemea. Sikuweza kuinua uso.

Sasa nauinua. Wewe ofisa, na ninyi wazee wa baraza mlioidhinisha bila kumwita: mrudishieni Eustadia ardhi yake kabla ya msimu ujao. Futeni neno "mvivu" kwenye daftari lenu, na mahali pake mwandike jina la mkalimani aliyesema uongo. Mimi ni Wenceslaus, mwana wa Hilari. Niiteni barazani, mbele yake, nikayaseme haya.