Kilo za Munyiva na Baridi ya Julai

Munyiva ni mtu wa kuheshimiwa hapa Kinoo, na nalisema mimi niliyemkaribisha alipohamia akiwa msichana. Anauza mapazia Ngara, ghorofa ya tatu, lakini goti lake lilikuwa limekataa ngazi. Daktari wa Parklands alimwambia waziwazi: "Mama, nitakufanyia upasuaji Agosti, lakini uje ukiwa chini ya kilo tisini."

Mjukuu wake Ndanu anafanya kazi ya kompyuta. Kila Jumatatu Munyiva alipanda mzani wa jamaa mmoja anayepima watu kando ya barabara kule Ngara, kisha akamtumia Ndanu kilo zake pamoja na chakula alichokula. Kompyuta ikachora mstari wa siku zijazo, kama mkulima anavyokisia mavuno akiona maua ya maharagwe. Mei, mstari ulisema Agosti atafika. Munyiva akaacha chapati. Hata kwenye chama chetu cha akina mama alikuja na mboga zake za sukuma, na kwetu kukataa chakula cha mwenye nyumba si jambo dogo.

Julai mstari ukapinda. Ndanu akampigia nyanya yake simu: "Susu, kompyuta inasema Desemba."

"Iambie haina adabu!"

Lakini jioni alikaa kwangu na chai isiyo na sukari. "Mama Karanja, nimekula sukuma mpaka mbuzi wananiangalia kama jamaa yao. Kumbe ni bure?"

Jumamosi Ndanu akaja na mzani wake. Susu yake alipoupanda, Ndanu akamtazama juu mpaka chini.

"Susu, kwani Ngara unapimwa ukiwa umevaa hivi?"

"Ulitaka nivue nguo barabarani?"

Baridi ya Kinoo ya Julai mnaijua. Tukamvua koti, shuka, sweta mbili. Moja nilimfumia mimi, na sufu yangu si ya mzaha. Akabaki amejifunga leso, akitetemeka na kututukana. Ndanu akazipima zile nguo peke yazo, akaondoa uzito huo kwenye kilo za kila Jumatatu ya baridi. Mstari ukanyooka: Agosti.

Na Agosti goti likapasuliwa.

Juzi nilienda dukani kwake kununua pazia. Ghorofa ya pili nikasimama, nikashika ukuta, nikihema. Kichwa chake kikachungulia kutoka juu.

"Panda, Mama Karanja! Ama nimwambie Ndanu akuchoree mstari?"