Ubao wa Rukaiya 'ulipovunja' Muungano Chang'ombe

Saa saba kasoro robo mchana, Rukaiya Jamali anakoroga sufuria ya urojo huku jicho moja likiwa barabarani. Kila bodaboda inapokata kona kuingia kwenye uchochoro huu wa karakana, Chang'ombe, upawa wake unasimama. Akiona abiria siye, anaendelea kukoroga.

Anayemngoja ni Mzee Mwinjuma, mwenye kiwanja. Jumatatu mzee huyo alimwambia hadi kesho, Ijumaa, awe amehama.

"Moyo unanidunda, lakini urojo haujui hilo," anasema na kucheka. "Ukiuacha unashika chini."

Rukaiya, mwenye umri wa miaka 31, ameuza urojo hapa kwa miaka sita. Mama yake ni wa Mkoani, Pemba. Baba ni Mzaramo wa Kisarawe. Darasa la saba alimalizia Temeke, sekondari hakwenda, na upishi alifundishwa na mama: supu nzito ya manjano yenye ukali wa embe bichi, ndani yake viazi, bajia, kachori na muhogo wa kukaanga.

Siku ikiwa njema anauza mabakuli sabini, kila moja shilingi elfu mbili. Humo ndimo inamotoka kodi ya chumba na matumizi ya wanawe wawili wanaosoma shule ya msingi.

"Nikiondolewa hapa nitaenda wapi? Wateja wangu ni mafundi. Hawawezi kunifuata Buguruni na mikono yao ya grisi."

Kilichomponza ni ubao.

Pale kwake pana mabenchi mawili yanayotazamana. Mafundi wakila hubishana, na ubishi wao mkubwa ni mmoja: Zanzibar ibaki ndani ya Muungano au itoke? Kila asubuhi mmoja wao huandika mada ya siku juu ya ubao wa chaki, na karibu wiki nzima huwa ni hiyo hiyo.

Jumatatu paliandikwa MADA: MUUNGANO. Chini yake Rukaiya akaongeza tangazo lake. Ramadhani imekaribia, naye kama watu wengi wa pwani alitaka wateja wake wale na kufurahi pamoja kabla ya kufunga, yaani wavunje jungu. Kwa herufi kubwa kubwa akaandika ALHAMISI TUNAVUNJA. Nafasi ikamwishia. Neno JUNGU akaliteremshia mstari wa chini.

Muuza mkaa akaja, akaegemeza gunia lake pale pale.

Saa nne Mzee Mwinjuma akapita juu ya bodaboda. Akasoma alichokiona: Muungano, Alhamisi tunavunja.

"Akashuka kofia imempinda," anasimulia Rukaiya. "Ananiambia, 'Rukaiya, mwanangu, nchi yote hii, mmekuja kuivunjia kwenye kiwanja changu?' Mie najua ananitania. Nikamjibu, 'Karibu mzee, na pilau itakuwepo.'"

Wateja walicheka hadi mmoja akapaliwa. Mzee hakucheka. Gunia liliposogezwa na neno la chini kuonekana, aliona haya, na hasira yake ikapanda kwenye mstari wa juu.

"Jungu sawa. Na hii mada nayo jungu? Nimekukodisha sehemu ya chakula, sikukukodisha bunge. Ijumaa nisikukute."

Sasa ni saa saba na nusu na mabenchi yamejaa. Pilau ipo kweli, pembeni ya urojo. Waliosimama ni wengi kuliko waliokaa, na hakuna aliyefuta mada.

"Nilitaka kuifuta," anasema Rukaiya. "Nikaona kama nafukuzwa, nifukuzwe na ubao wangu."

Wabishi wakubwa ni Fransis, fundi wa kuchomelea aliyetoka Newala, na Suhaib, seremala wa Makunduchi, Unguja. Mwaka juzi walikorofishana, wakala wiki mbili wakipeana mgongo. Hapo ndipo Rukaiya alipoweka sheria yake: kabla hujasema lako, sema kwanza la mwenzio, mpaka mwenyewe akiri kuwa umemsema.

Fransis anasimama na bakuli mkononi.

"Haya, mie leo Mzanzibari."

"Na tumbo hilo?" anadakia mtu nyuma.

"Tumbo ni la urojo, niacheni. Nina rais, nina bendera, nina wimbo wa taifa. Nikitoka huko duniani naambiwa kiti changu kakalia mwenzangu. Misaada ya nje inapangiwa Bara. Televisheni nimeilipia ushuru Unguja, nikishuka nayo Dar nailipia tena. Sasa hii nchi ni moja au mbili? Kama mbili, niachieni niende zangu, tubaki majirani wema."

"Umesahau la mafuta," anasema Suhaib.

"Na mafuta, kama yapo baharini kwetu, tuyasemee wenyewe."

"Hapo umenisema, braza."

Suhaib naye ananyanyuka, anajifuta mikono kwenye suruali. "Mie sasa Mmakonde, watani mnisamehe. Nyie Wazanzibari mna maduka mpaka Tunduma, mna nyumba na mashamba huku, hakuna aliyewadai pasi. Umeme wenu unapita chini ya bahari kutoka kwetu. Visiwa vidogo vikibaki peke yavyo, mkubwa yeyote atakuja kuvichezea. Na mkishashika kisu, mtaishia wapi? Kesho Pemba nayo itataka kwake. Dada Rukaiya je, mama kule, baba huku, tumkate kiunoni?"

"Mkinikata, nusu ya kupika mniachie!" anapaza sauti Rukaiya.

Kicheko kinakatika ghafla. Mzee Mwinjuma amesimama kwenye geti la karakana, na haijulikani amefika saa ngapi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Endeleeni, mie sipo."

Rukaiya anamchotea bakuli bila kuulizwa. Mzee anamaliza bajia ya kwanza, ya pili inamshinda kunyamaza nayo.

"Lakini nyote mnapotea! Mbona Tanganyika haiulizwi? Zanzibar ina serikali yake. Ya Tanganyika iko wapi? Tuwe na tatu, kila mtu ajue lake, tuone kama..."

Upawa unanyanyuka. "Mzee, sheria. La Suhaib mwenyewe kwanza, lile la kutoka."

"Mie mwenye kiwanja!"

"Kiwanja chako, baba. Benchi langu."

Watu wanashikana mabega kwa kucheka. Mzee anakohoa. "Suhaib anasema wametuchoka."

"Sijasema hivyo."

"Anasema wanataka hela zao."

"Bado, mzee."

Mara ya tatu anaweka bakuli chini na kuvua kofia.

"Anasema... mmejenga nyumba wawili, kwa kupatana. Siku moja unatoka nje unakuta mlangoni pameandikwa jina moja tu. Hata kama unampenda mwenzio, utauliza."

Suhaib anampa mkono. "Mzee, hapo umenisema kuliko ninavyojisema."

Mzee Mwinjuma anaomba bakuli la pili, kisha ndipo anatetea serikali zake tatu kwa nusu saa nzima. Akiondoka anamgeukia Rukaiya.

"Kesho nakuja."

Upawa unatua sufuriani.

"Nakuja kula. Mfungo ukiingia, mada za baada ya futari natoa mie. Na wewe, mwanangu, punguza ukubwa wa mwandiko."

Bodaboda inapopotea kwenye kona, Rukaiya anaketi juu ya ndoo iliyofunikwa na kupumua. Lakini ana mpango mwingine. Baada ya Idi, binamu yake Nusaiba atakuja kutoka Mbagala, amshikie upawa kwa saa moja kila mchana.

"Miaka sita nawasikiliza nikiwa nimesimama," anasema. "Sijawahi kukaa kwenye benchi hata siku moja. Na mie nina la kusema, nimelichemsha muda mrefu."

"Ibaki au itoke, sista?" anauliza Fransis, bakuli tupu mkononi.

"Ngoja nikae kwanza," anasema Rukaiya, na kumjazia.