Nilizipa Kambi Zote Mbili Karatasi Tupu

Chekechea ya binti yangu hapa mtaani kwetu Bredäng ilifungwa moja kwa moja kiangazi, na siku ya uchaguzi nilitaka jibu moja tu: nani ataifungua? Nafasi iliyobaki ilikuwa Farsta, upande mwingine wa jiji. Ubadilishe treni ukiwa na kigari cha mtoto, halafu uwahi zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Haiwezekani. Bosi alishaniambia niamue: niwahi zamu au niiache.

Jumapili ile tulikwenda kupiga kura, mimi, mama yangu na mtoto. Nje ya mlango watu wa vyama walikuwa wanagawa karatasi zao za kura, ndivyo wafanyavyo huku ughaibuni. Vyama ni vingi, lakini usidanganyike. Kambi ni mbili tu, na zote zimeshatutawala.

Mama alipokea kila alichopewa, kwa mikono miwili, akiinama kidogo. Ndivyo alivyolelewa, hakatai mkono unaompa. Mwanamke mmoja wa kambi ya kwanza akadhani ameshatupata.

"Jambo!" akaniambia.

Salamu ya watalii! Nikamuuliza, "Chekechea mtatufungulia?"

"Wale ndio waliokata bajeti," akasema, akimwonyesha mzee mwenye skafu wa kambi ya pili.

Nikamfuata mzee. Naye bila haya: "Tulikata, ndiyo. Lakini waliofunga mlango ni hao."

"Kumbe mlisaidiana!"

Wakatabasamu wote wawili, kwa upole, kama vile nimewaomba maji ya kunywa.

"Mwanangu, punguza sauti, watu wanatutazama," mama akaninong'oneza.

"Waache watazame! Hawa ndio wanaonitoa kazini, mama."

"Chagua mmoja basi. Sisi kule nyumbani tulikuwa na chama kimoja. Mwenzangu una wawili wa kuwagombeza."

"Mamma, sluta!" mtoto akadakia kwa Kiswidi, yaani mama, acha.

Sikuacha. Nyuma ya pazia, kwenye bahasha ya kura ya jiji, maana jiji ndilo lenye chekechea, nilitia karatasi tupu. Watasema nimepoteza kura. Miaka yote niliyowapa zilizojaa, nilipata nini?

Mama alininunia mpaka nyumbani. Jumatatu nikampigia bosi, nikamwambia zamu za asubuhi ampe mwingine. Akauliza imekuwaje, mbona mimi ni mfanyakazi mzuri.

"Waulize walioshinda," nikamjibu. "Ukimaliza, waulize na walioshindwa."