Adapta Nyeupe ya Mama Mdogo Dativa

Juzi Jumapili nilikuwa napiga pasi gauni la kanisani, mara nikasikia harufu ya samaki anayekaangwa. Nilichomoa waya kwa papara mpaka plagi ikanigonga goti. Mume wangu akacheka: "Wewe mtu wa Mwanza, hata samaki wanakukimbiza?" Plastiki ya soketi ikizidiwa na moto hutoa harufu hiyo hiyo ya samaki, na mimi nililijua hilo nikiwa na miaka kumi, kwa njia ambayo nimemsimulia mtu mmoja tu. Nyinyi acheni niwasimulie.

Wazazi wangu ni Wanyarwanda waliokulia Tanzania, na tuliporudi Kigali tulirudi na vyombo vyetu vyote kutoka Mwanza: televisheni, deki, pasi, na draya ya saluni ya mama mdogo Dativa, ile ya kukaa chini yake kichwa kikamezwa chote. Siku tuliyohamia nyumba ya kupanga kule Muhima ndipo tukagundua kichekesho. Plagi zetu zilikuwa na miguu mitatu minene, bapa, na kuta za Kigali zilikuwa na vitundu viwili vya duara. Mama alisimama katikati ya sebule ameshika plagi ya pasi, akasema, "Haya, kumbe hata umeme wa huku una lugha yake." Tulicheka sana siku ile. Chai tulichemsha kwa mkaa.

Baba alizunguka maduka ya Muhima mpaka akapata adapta moja nyeupe, nzito, inayokaa ukutani bila kutikisika. Mama mdogo, ambaye hakuwa na subira ya maduka, alileta mbili nyeusi kutoka Nyabugogo, kwa mchuuzi aliyezipanga kwenye beseni pamoja na soksi na vitana. Baba akatuita wote, akatuwekea moja moja kiganjani tusikie uzito, akatusomesha namba zilizoandikwa nyuma. Nyeupe ni ya draya na pasi, kitu chochote kinachotoa moto. Nyeusi ni za simu, redio na televisheni. Adapta juu ya adapta ni marufuku. Ikicheza kwenye soketi, toa. Baada ya muda iguse kwa mgongo wa mkono, na ikiwa na joto, toa. Aliirudia hotuba hiyo kila wiki, na akishaondoka kwenda kazini mama mdogo alimwigiza, tumbo mbele, kidole juu: "Ikicheza, toa!" Nilikuwa nacheka mpaka nakaa chini.

Nawaambia ukweli, nilimpenda Dativa kuliko nilivyompenda mama, na mama alijua. Aliwasuka wateja pale pale sebuleni, akiimba, akitania, na mikono yake ilikuwa myepesi kiasi kwamba watoto walisinzia akiwasuka. Alikuwa ameshachagua chumba kimoja chenye mlango wa kioo karibu na barabara, na jina la saluni alikuwa nalo tayari. Alikuwa akiniambia, "Wewe utakaa mlangoni, upokee wageni kwa Kinyarwanda chako kibovu."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, baba kazini. Mama mdogo alimfunga rola mama mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye harusi ya mdogo wake, akachomeka draya kwa adapta nyeupe kama ilivyoagizwa, kisha akatoka uani kutafuta taulo kwenye kamba. Mimi nilikuwa naangalia filamu. Televisheni ilikuwa kwenye moja ya zile nyeusi, na ile nyeusi ilicheza. Kila mtu akipita, picha inazimika. Nilikuwa nimeshavumilia mara nne. Nikaamka, nikazibadilisha. Nyeupe kwenye televisheni, nyeusi kwenye draya. Mteja alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu yake, hakunitazama.

Mama mdogo akarudi, akamfunika mteja kichwa, akawasha. Filamu ikatulia vizuri kabisa.

Harufu ilikuja polepole. Mteja ndiye aliyeanza: "Dativa, hapa iko nanuka samaki." Mama mdogo akavuta pumzi, akafumba macho. "Ni jirani yetu huyo, Mama Zuhura, mtu wa Kigoma. Leo ameamua kututesa!" Sisi watu wa ziwani, ndugu zangu, tulikuwa na njaa ya samaki miezi mizima. Harufu ile ilitufurahisha. Hakuna Mnyarwanda wa Muhima ambaye angekaa akatabasamu namna ile.

Mimi nilitazama ukutani. Niliona adapta nyeusi imeinama, na ubavuni imekuwa ya kahawia. Niliiona vizuri. Nikajiambia filamu inakaribia kuisha, zimebaki dakika chache, nitazirudisha. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Kubadilisha kulikuwa utoto. Lakini niliona, nikakaa.

Ikalia pwaa, cheche zikaruka, ncha ya pazia ikashika moto. Mteja akapiga yowe, "Mana yanjye!", yaani Mungu wangu, akatoka chini ya draya na rola zake. Mama mdogo hakuwaza. Aliing'oa adapta kwa mkono wa kulia, na plastiki iliyoyeyuka ikamganda kiganjani na kwenye vidole vitatu. Umeme ukakatika nyumba nzima. Mteja alilizima pazia kwa taulo lenye maji. Mama mdogo alitumbukiza mkono kwenye beseni la maji na hakulia, alikuwa ananiuliza mimi kama nimeumia. Na mimi, wakati wakihangaika, nilichomoa adapta nyeupe kwenye televisheni nikaitia kwenye droo ya vitana vyake.

Baba aliikuta humo. Mteja alikuwa bado yupo, anasubiri mvua iliyoanza kunyesha ipungue. "Dativa, nimesema mara ngapi?" Mama mdogo, mkono umefungwa kitambaa, alisema, "Shemeji, nilidhani niliweka ile nyeupe." Baba akaiinua adapta. "Ulidhani! Na hii imetembea yenyewe mpaka kwenye droo? Wewe ni mzembe, ungetuulia mtoto." Mtoto huyo alikuwa nyuma ya kiti, amefunga mdomo.

Vidole vilipona vimejikunja. Kusuka kukawa basi. Hakuna aliyemfukuza, lakini kila baba alipochomeka kitu ukutani alimtazama kwanza, na baada ya miezi michache Dativa akahamia Kabuga, akaanza kuuza nyanya sokoni. Yupo huko mpaka leo. Kwake hupika kwa mkaa, na simu yake huchomekwa na wapangaji wenzake. Nilidhani ni woga wa umeme, nikajifariji kwamba nani asingeogopa.

Mwezi uliopita nilikwenda nikamwambia. Nilianza kwa kulia, kitu cha kipuuzi, mwanamke mzima. Nilijiandaa anitukane. Aliweka kisu chini, kisha akauliza swali moja.

"Kwa hiyo niliiweka ile nyeupe?"

"Uliiweka, mama mdogo. Uliiweka vizuri."

Akarudia taratibu, "Niliiweka." Akanieleza kwamba toka siku ile haamini kichwa chake. Akifunga mlango hurudi mara tatu kuutikisa. Akimpa mteja nyanya humwomba ahesabu mwenyewe. Hata mtoto wa dada yake mwingine hakuwahi kukubali kumbeba, akiogopa kumsahau mahali. Mimi nilikuwa nimehesabu mkono tu. Hayo mengine sikuyajua kabisa.

"Ungemwambia baba yako," alisema, bila hasira. "Hata siku moja tu kabla hajafa."

Baba tulimzika mwaka juzi. Mama mdogo alikuja na basi la asubuhi, akakaa nyuma kabisa karibu na lango, pamoja na majirani. Nilimfuata nikamwita aje mbele akae na familia. Akanitikisia kichwa, akasema pale panamtosha, na mimi nikamwacha, nikarudi kukaa kwenye kiti cha mbele.